Ufumaji wa Tapestri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa tena na tena na wanaoanza kufuma, na wanaosimama mbele ya tapestri za kale katika majumba ya makumbusho, na wale ambao wamerithi au kununua kazi moja na hawajui waifanyeje. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Tapestri ni nini hasa?

Tapestri ni kitambaa kizito kilichofumwa kwa mkono, ambacho picha yake hujengwa na uzi uleule unaokifanya kiwe kitambaa. Kila kitambaa cha kufuma kina nyuzi za namna mbili: mtande, yaani nyuzi zinazotandwa na kukazwa kwenye kitanda cha kufumia kabla kazi haijaanza, na mshindio, yaani nyuzi zinazopenyezwa kati ya nyuzi za mtande, juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Katika kitambaa cha kawaida mshindio husafiri kutoka ukingo hadi ukingo, kisha hurudi. Katika tapestri uzi mwekundu huishia pale wekundu unapokoma katika picha, hugeuka, na kurudi ndani ya eneo lake. Uzi wa buluu ulio jirani yake hufanya vivyo hivyo katika eneo lake. Tena mshindio hushindiliwa kwa nguvu hata ukaufunika mtande wote, na mtande ukabaki kujulikana kwa matuta yake tu.

Mambo hayo mawili, mshindio unaogeukia njiani na mtande uliofichika, ndiyo yanayoitambulisha tapestri. Ukubwa hauhusiki. Kipande kinachotosha kiganjani kinaweza kuwa tapestri kamili, na pazia la ukutani la mita 10 likawa si tapestri hata kidogo.

2. Je, ile inayoitwa Tapestri ya Bayeux ni tapestri?

Hapana, ni tarizi. Watarizi wa karne ya 11 walichukua kitani kilichokwisha kufumwa wakakishonea kwa sindano na nyuzi za sufi hadithi ya Wanormani walivyoiteka Uingereza mwaka 1066. Kazi hiyo ina urefu wa takriban mita 70 na kimo cha nusu mita hivi, na sehemu kubwa ya kitani chake iko wazi, haina mshono wowote. Ukiifumua tarizi, kitambaa kitabaki kizima. Ukiifumua picha ya tapestri, hutabaki na kitambaa, utabaki na mtande mtupu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoona ina uzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomlazimu mfumaji aiwaze picha na kitambaa kwa wakati mmoja.

3. Vipi kuhusu mazulia?

Zulia lenye manyoya hutengenezwa kwa kufunga mafundo madogo kwenye mtande na kuyakata, kwa hiyo ni ufundi mwingine. Mazulia bapa ya Uturuki na Uajemi yanayoitwa kilim, kinyume chake, hufumwa kwa mbinu ileile iliyoelezwa katika swali la 1. Kilim ni ndugu wa damu wa tapestri, ila moja hulala sakafuni na nyingine hutundikwa.

## Historia

4. Ufundi huu ulianzia wapi?

Hauna mahali pamoja ulipozaliwa. Vipande vya kitani vilivyofumwa kwa mbinu hii vimepatikana katika kaburi la Farao Thutmose wa Nne wa Misri, aliyetawala zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Nchini humohumo, katika karne za mwanzo za Ukristo, Wakopti walifuma mapambo ya sufi kwenye kanzu za kitani, na mchanga mkavu wa makaburi umetuhifadhia mengi kati ya hayo, rangi zikiwa bado zinang'aa.

Ng'ambo ya bahari, bila mawasiliano yoyote na Misri, watu wa milima ya Andes walifikia mbinu hiyohiyo kwa pamba na kwa manyoya ya wanyama wa jamii ya lama. Kanzu za watu wa Wari, na baadaye za Wainka, zimefumwa kwa nyuzi nyembamba mno, na nguo bora za namna hiyo zilihesabiwa na Wainka kuwa zawadi iliyomstahili mtu mkubwa. Nchini China ufumaji wa hariri uitwao kesi ulistawi sana wakati wa nasaba ya Song (960–1279). Maana ya jina hilo ni "hariri iliyokatwa": ukikiinua kitambaa hicho kwenye mwanga, mipaka ya rangi huonekana kama imepasuliwa kwa wembe (tazama swali la 12).

5. Kwa nini wafalme wa Ulaya walizithamini kuliko picha za kupakwa rangi?

Sababu ya kwanza ni gharama. Seti moja ilihitaji sufi, hariri, pengine na nyuzi zilizozungushiwa dhahabu au fedha, pamoja na kazi ya wafumaji wengi kwa miaka. Sababu ya pili ni kwamba tapestri hukunjika. Mtawala aliyehama kutoka ngome hadi ngome aliweza kuikunja fahari yake yote, akaipakia kwenye magari, na kuitandaza upya kwenye kuta baridi za mawe alikofikia.

Mji wa Arras ulivuma kwa kazi hii hata Waitaliano wakaiita tapestri yoyote arazzo. Seti ya Ufunuo iliyoko Angers, Ufaransa, iliagizwa na Louis wa Kwanza, Mtawala wa Anjou, katika miaka ya 1370. Michoro ilibuniwa na Jean Bondol, na ilipokamilika ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100. Wafumaji wake walificha ncha zote za nyuzi, hivyo kwamba upande wa nyuma ni safi sawasawa na wa mbele, na kwa kuwa ulikaa bila kupigwa na mwanga kwa muda mrefu, ndio unaotuonyesha leo jinsi rangi zilivyokuwa kali siku ya kwanza. Seti ya Bibi na Farasi wa Pembe Moja, yenye tapestri 6 zilizofumwa karibu na mwaka 1500, iko katika Jumba la Makumbusho la Cluny, Paris. Kuanzia mwaka 1528 wafumaji wa Brussels walitakiwa kuweka alama ya mji pembeni mwa kazi zao, herufi B mbili zenye ngao nyekundu katikati, ili mnunuzi asiuziwe kazi ya kuiga.

Thamani hiyo ndiyo iliyoziangamiza nyingine. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1797, tapestri nyingi za hazina ya kifalme zilichomwa moto ili dhahabu na fedha zilizomo zikusanywe kutoka majivuni.

6. Gobelins ilikuwa na umuhimu gani?

Karakana za Gobelins jijini Paris zilinunuliwa mwaka 1662 kwa ajili ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne, chini ya waziri wake Colbert, na mchoraji Charles Le Brun akawekwa kuziongoza. Hadi leo wafumaji wapo wanafanya kazi humo. Ufundi wao haujawahi kutiliwa shaka, lakini mwelekeo waliopewa uliufinya ufumaji: kadiri miaka ilivyopita, mfumaji alitakiwa kuiga brashi ya mchoraji, na vivuli vya rangi vikaongezeka hadi kufikia maelfu. Kwa maoni yangu hapo ndipo tapestri ilipoanza kusahau sauti yake, kwa kuwa kitambaa kinachosifiwa kwa kufanana na kitu kingine hakisifiwi kwa yale kinachoweza chenyewe.

Hata hivyo, Gobelins ilitupatia elimu moja kubwa. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya utiaji rangi, akakuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Aliichunguza rangi, akaona haina kasoro. Kilichoufifisha weusi kilikuwa rangi za jirani, buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kutokana na hilo aliandika mwaka 1839 kanuni ya jinsi rangi mbili zinazokaa pamoja zinavyobadilishana sura machoni, na wachoraji wa karne hiyo waliisoma kwa makini.

7. Nani waliourudisha ufumaji mikononi mwa wafumaji?

William Morris wa Uingereza alijifunza peke yake, kwa kitabu cha zamani cha Kifaransa na kitanda cha kufumia alichokiweka chumbani mwake mwa kulala. Kipande chake cha kwanza, cha mwaka 1879, kilimchukua saa 516, naye aliziandika. Nchini Ufaransa mchoraji Jean Lurçat alikwenda Aubusson, mji wa wafumaji, katika miaka ya 1930 akaacha kuiga brashi: alitumia uzi mnene, rangi chache zilizopewa namba, na mchoro kiongozi, yaani mchoro wa ukubwa kamili ambao mfumaji huufuata, usio na vivuli vya kubahatisha.

Hannah Ryggen, aliyeishi kwenye shamba dogo nchini Norwei, alifuma bila mchoro kiongozi wowote, kwa sufi aliyoitia rangi mwenyewe. Tapestri yake kuhusu Ethiopia kuvamiwa na Italia mwaka 1935 ilionyeshwa Paris mwaka 1937. Kijijini Harrania, Misri, msanifu majengo Ramses Wissa Wassef aliwapa watoto vitanda vya kufumia mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa masharti yanayonigusa hadi leo: wasipewe mchoro wa kuiga na wasikosolewe na watu wazima. Wengi wao walizeeka wakiwa wafumaji, na miti, bata na mitende yao imejaa uhai ambao hakuna kielelezo kingeuleta. Senegal ilifungua kiwanda chake cha tapestri mjini Thiès mwaka 1966 kwa msukumo wa Rais Senghor, na nchini Afrika Kusini kituo cha sanaa na ufundi cha Rorke's Drift kililea wafumaji kama Allina Ndebele. Kuhusu Magdalena Abakanowicz wa Poland, tazama swali la 21.

## Kazi yenyewe

8. Ninahitaji vifaa gani ili nianze?

Fremu imara ya mbao, uzi wa pamba usionyumbuka kwa ajili ya mtande, sufi ya rangi 4 au 5 kwa mshindio, sindano butu ya sufi, na uma wa mezani wa kushindilia. Vinatosha kabisa. Wafumaji wa kudumu hutumia bobini za mbao zenye ncha, ambazo hubeba uzi na papo hapo husaidia kuushindilia. Jambo lisilokubali mzaha ni ukazo wa mtande: ukiugonga kwa kidole na ukalegea, kazi yote itakuwa na mawimbi.

9. Kitanda cha wima na cha mlalo vinatofautianaje?

Kwenye kitanda cha wima mtande husimama kama nyuzi za kinubi. Mfumaji wa Gobelins huketi nyuma yake, upande wa nyuma wa picha, na kuitazama sura ya mbele kwa kioo kilichowekwa ng'ambo ya mtande. Mistari mikuu ya mchoro kiongozi huwa ameinakili kwa wino juu ya nyuzi zenyewe. Kwenye kitanda cha mlalo, kama cha Aubusson, mtande hulala kama meza, mchoro kiongozi huwekwa chini yake, na nyuzi hutenganishwa kwa kanyagio za miguu, kwa hiyo kazi huenda kwa kasi zaidi. Jicho haliwezi kutambua kwa urahisi kazi iliyokamilika ilitoka kwenye kitanda kipi.

10. Kwa nini picha hugeuka kushoto-kulia?

Kwa sababu mfumaji hufanya kazi kwa upande wa nyuma, na mchoro ulio chini ya mtande hufuatwa hivyohivyo. Raphael alilijua hilo alipowachorea wafumaji wa Brussels Matendo ya Mitume kwa ajili ya Kanisa la Sistine, kazi aliyoagizwa na Papa Leo wa Kumi. Michoro 7 kati ya ile ipo London, katika Jumba la Makumbusho la Victoria na Albert, na mtu anayeitazama bila kujua jambo hili hushangaa kuona wahusika wakibariki kwa mkono wa kushoto. Anayebuni tapestri leo akasahau kugeuza maandishi atayasoma kinyume siku ya kukata mtande.

11. Niweke nyuzi ngapi za mtande kwa sentimita?

Nyuzi 2 hadi 4 zinamfaa anayeanza na wasanii wengi wa sasa. Kazi nyingi za kale za Ulaya zina 5 hadi 8. Msongamano huu ndio unaoamua picha iwe na undani kiasi gani, kwa sababu umbo lolote hupanda kwa ngazi, na ngazi moja haiwezi kuwa nyembamba kuliko uzi mmoja wa mtande. Jicho la mtu linalohitaji ngazi 20 haliwezi kufumwa ndani ya sentimita 3 kwa nyuzi 3 za kila sentimita. Ama ukuze jicho, ama uongeze nyuzi, ama ubuni jicho la namna nyingine. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kutanda.

12. Rangi mbili zikikutana zinaacha ufa. Nimekosea?

Hujakosea. Rangi mbili zikigeuka kwenye nyuzi mbili jirani za mtande, safu baada ya safu mahali palepale, hakuna kinachoziunganisha, na ufa hutokea. Wafumaji wa kilim hupanga mipaka yao iwe ya mshazari au ya ngazi fupi ili nyufa zisirefuke. Wafumaji wa Ulaya huuacha ufa wakati wa kufuma na kuushona baadaye kwa sindano. Njia ya tatu ni kuzifungamanisha nyuzi mbili zinapokutana, kila moja ikiizunguka mwenzake, jambo linalotoa mpaka imara lakini wenye kituta. Njia ya nne ni kuufanya ufa uwe sehemu ya picha: kivuli chembamba cheusi chini ya kidevu au kati ya vidole kinaweza kuwa ufa mtupu.

13. Nifanyeje ili rangi moja iingie polepole kwenye nyingine?

Fuma kwa meno ya kitana. Uzi wa kwanza uingie katika eneo la pili kwa urefu tofauti kila safu, wa pili nao uingie katika nafasi zilizobaki, mpaka rangi mbili zikashikana kama vitana viwili vilivyopachikana. Ukiwa karibu utaona pembe kali. Ukirudi hatua 5 nyuma utaona kivuli laini, kwa kuwa jicho ndilo linalochanganya. Wafumaji wa karne ya 15 walipata sura za nyuso na mikunjo ya nguo kwa rangi chache sana kwa njia hii. Waweza pia kuzungusha nyuzi nyembamba tatu katika bobini moja, mbili za buluu na moja ya kijani, kisha katika safu za mbele ukabadilisha hesabu.

14. Kwa nini kingo za kazi yangu zinaingia ndani?

Hili ndilo tatizo la kila anayeanza. Kipande changu cha kwanza kilianza na upana wa sentimita 30 kikaisha na 24, na niliendelea kukaza mtande nikidhani kosa liko huko. Kosa lilikuwa katika mshindio. Uzi unaopanda na kushuka kati ya nyuzi za mtande husafiri njia ndefu kuliko uzi ulionyooka. Ukiulaza umenyooka na kuushindilia, utautafuta urefu unaokosekana kwa kuzivuta kingo.

Dawa yake ni kuulaza uzi kama kilima. Pitisha mshindio, uache upinde juu ya safu iliyotangulia, kileleni pawe na kimo cha sentimita 2 hivi, kisha ubonyeze upinde huo katikati kwa ncha ya bobini ili uwe vilima viwili, na kila kimoja ukigawe tena. Sasa shindilia kwa uma. Utaona uzi ukizama kati ya nyuzi za mtande bila kung'ang'ana, na ukingo ukabaki ulipokuwa. Vilima vikizidi, vitanzi vya uzi vitachomoza usoni mwa kazi. Pima upana kwa rula kila baada ya sentimita 3, kwa sababu jicho huizoea kasoro inayokua taratibu.

15. Kwa nini tapestri nyingi zilifumwa picha ikiwa imelazwa ubavu?

Tazama matuta ya mtande katika tapestri ya kale ya Ulaya ikiwa ukutani: yamelala, hayakusimama. Ilifumwa picha ikiwa ubavuni. Sababu moja ni kwamba picha pana ingehitaji kitanda kipana mno. Nyingine ni kwamba mistari iliyo wima katika picha, kama miguu, nguzo na mashina ya miti, hufumwa kwa ulaini ikifuata mshindio, ilhali ikifuata mtande huzaa nyufa ndefu. Gharama yake huonekana baada ya miaka mingi: uzito wote huning'inia kwenye mshindio ulio laini, na nyufa zilizolala hufunguka kama midomo.

## Rangi

16. Mbona majani katika tapestri za kale ni ya buluu?

Hayakuwa ya buluu. Watia rangi wa zamani hawakuwa na mmea mmoja wa kutoa kijani kizuri cha kudumu, kwa hiyo walichovya sufi mara mbili, kwenye nili na kwenye manjano iliyotokana na mimea. Manjano ile hufifia haraka kwa mwanga, nili hudumu. Baada ya karne chache msitu mzima unageuka buluu. Nyekundu zilizotokana na mizizi, au na wadudu wa kochinili walioletwa kutoka Amerika, huhimili zaidi zikishikizwa kwa shabu. Kahawia iliyokoza na nyeusi zilishikizwa kwa chuma, na chuma huila sufi polepole. Ndiyo maana mistari ya kuzungushia maumbo mara nyingi ndiyo iliyopukutika kwanza.

## Kutoka kadi za Jacquard hadi kompyuta

17. Je, kitambaa cha mtambo wa Jacquard ni tapestri?

Kwa maana kali ya swali la 1, sio. Joseph Marie Jacquard wa Lyon alikamilisha mwanzoni mwa karne ya 19 mtambo unaosoma kadi zilizotobolewa: palipo na tundu uzi wa mtande huinuka, pasipo na tundu hubaki. Picha ya hariri inayoonyesha sura yake, iliyofumwa kwa mtambo huo mwaka 1839, ilihitaji kadi zipatazo 24,000, nayo ilimvutia Charles Babbage alipokuwa akibuni mashine yake ya kukokotoa. Lakini katika mtambo huo kila uzi wa mshindio huvuka upana wote, na rangi isiyotakiwa hufichwa nyuma au ndani ya kitambaa.

Hilo haliufanyi uwe ufundi wa hadhi ya chini. Grayson Perry wa Uingereza alichora kwa kompyuta tapestri 6 za *The Vanity of Small Differences* (2012), zikafumwa kwa mtambo nchini Ubelgiji, na ni kazi zenye uzito. Ninachoomba ni kwamba anayeuza aseme wazi zimefumwaje.

18. Programu ya kompyuta inamsaidiaje anayefuma kwa mkono?

Inamsaidia kupunguza rangi za picha hadi idadi ya nyuzi alizo nazo, kugeuza picha (swali la 10), kuikuza hadi ukubwa kamili, na kujaribu ngazi za mistari kwa kuweka gridi ambayo kila safu wima yake ni uzi mmoja wa mtande. Faida ya mwisho ndiyo kubwa, kwa sababu humwonyesha mapema kwamba jicho lile la swali la 11 halitatokea.

Tahadhari ni hii: skrini hutoa rangi kwa mwanga unaotoka ndani yake, sufi hutoa rangi kwa mwanga unaoipiga na kumezwa na nywele zake. Kijivu kinachopendeza kwenye skrini kinaweza kufa kikifumwa kando ya buluu, kwa sababu ileile aliyoigundua Chevreul. Fuma kipande cha majaribio cha upana wa sentimita 10 kabla ya kuamua. Tena, picha ya kamera haina maamuzi ya mfumaji ndani yake; ukiifuata doa kwa doa, utapata kazi ya miezi isiyosema zaidi ya ile picha.

19. Kuna mtambo unaounganisha mkono na kompyuta?

Upo. Kitanda cha TC2, kilichobuniwa nchini Norwei, huinua kila uzi wa mtande peke yake kwa amri ya kompyuta, lakini mshindio hupitishwa na mkono wa mfumaji. Kwa hiyo anaweza kusimama katikati ya safu, akabadilisha uzi, akaacha mwanya, au akaenda kinyume cha faili. Wasanii na vyuo vingi vya sanaa hukitumia kwa majaribio ambayo kiwanda kisingeyakubali.

20. Nitatambuaje kazi ya mkono na ya mtambo?

Tazama nyuma. Katika kazi ya mkono rangi za nyuma ni zilezile za mbele zikiwa zimegeuka, na mara nyingi kuna ncha za nyuzi zinazoning'inia. Katika kazi ya mtambo utaona milia mirefu ya rangi inayovuka kutoka ukingo hadi ukingo, au rangi zilizogeuzwa kama negativu ya filamu ya picha. Kisha tafuta nyufa au mishono kwenye mipaka iliyonyooka. Ikiwa bitana limeshonwa kote nyuma, omba pembe moja ifunguliwe kabla hujalipa.

## Mambo yenye utata

21. Ikiwa kitu kimefumwa lakini si picha wala hakikai ukutani, bado ni tapestri?

Katika miaka ya 1960 Magdalena Abakanowicz alifuma maumbo makubwa kwa katani, nyingine akiitoa kwenye kamba kuukuu, akayaning'iniza katikati ya ukumbi ili watu wayazunguke. Yaliitwa Abakan, kwa jina lake. Mbinu yake ni ya mshindio na mtande, na mikono yake ndiyo iliyofuma. Mimi nayahesabu kuwa tapestri bila kusita, kwa kuwa umbo lenyewe limetokana na ufumaji.

22. Msanii ni nani: aliyechora au aliyefuma?

Kwa karne nyingi Ulaya jina lilikwenda kwa mchoraji au kwa mwenye karakana. China ilikuwa na mfano tofauti: Zhu Kerou, mwanamke wa enzi ya Song, alifuma muhuri wake ndani ya kazi zake za hariri, na jina lake limebaki. Mfano mwingine wa kutafakari ni tapestri ya *Guernica* ya Picasso, iliyofumwa mwaka 1955 na Jacqueline de la Baume Dürrbach kwa agizo la Nelson Rockefeller, ambayo ilitundikwa nje ya ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1985. Mchoro wa asili ni mweusi, mweupe na kijivu. Tapestri ina kahawia. Hiyo ni tafsiri, na kila tafsiri ina mtu aliyeamua. Anayeandika kibandiko cha maonyesho aandike majina yote mawili.

## Utunzaji

23. Niitundike vipi?

Shonea utepe wa pamba juu, upande wa nyuma, na juu yake utepe wa kunatana kama ule wa kufungia viatu vya watoto. Nusu ya pili ipigiliwe kwenye ubao ulio ukutani. Hivyo uzito hugawanyika sawasawa, na kazi inaweza kubanduliwa kwa mvuto mmoja moto ukitokea. Misumari na pete chache huvuta pointi chache, na kitambaa hupata mawimbi.

24. Mwanga kiasi gani ni salama?

Majumba ya makumbusho huweka luksi 50 hivi kwa nguo za kale. Nyumbani, iepushe na jua la moja kwa moja na usiiweke mkabala na dirisha. Uharibifu wa mwanga haurudi nyuma.

25. Nondo wameingia. Nifanye nini?

Itenge na nguo nyingine zote za sufi. Izungushie karatasi isiyo na asidi kwenye mrija mnene, uso wa picha ukiwa nje, ifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, kisha iweke kwenye friza yenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki 2. Ikitoka, iache ndani ya plastiki kwa siku nzima ili umande ugande nje, si kwenye sufi. Ndipo uifyonze vumbi kwa nguvu ndogo, kichwa cha mashine kikiwa kimefunikwa kwa wavu, ukianza na nyuma, ambako mayai hupenda kukaa kwenye ncha za nyuzi. Usijaribu jambo hili kwa kazi yenye nyuzi za chuma, au iliyopukutika kama ile ya swali la 16, na usiifue kamwe kwa maji nyumbani. Hizo zipelekwe kwa mhifadhi wa nguo.